Nchi ya miji inayoapa kwa jina la kijiji

Kila tarehe mosi Mei wafanyakazi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura wanapumzika. Kwetu Tanzania ni maandamano, fulana na kofia za vyama vya wafanyakazi, mgeni rasmi jukwaani, na kila mtumishi katega sikio kusikia kama mshahara utapanda. Huku Marekani siku hiyo ni ya kazi kama siku nyingine. Malori yanapakiwa, shule zinaendelea, benki ziko wazi. Na cha ajabu, Mei Mosi ilizaliwa hukuhuku, tena katika mji ninaoishi, Chicago.

Tarehe 1 Mei 1886 makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Siku tatu baadaye, kwenye mkutano wa hadhara karibu na soko la Haymarket, mtu ambaye hajulikani mpaka leo aliwarushia polisi bomu. Polisi saba walikufa, na raia kadhaa wakauawa kwa risasi. Wanaume wanane walitiwa hatiani ingawa hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kulirusha bomu lile. Wanne walinyongwa Novemba 1887. Kati ya wale wanane, sita walizaliwa ng'ambo, watano wao Ujerumani. Wanajamaa waliokutana Paris mwaka 1889 wakaifanya Mei Mosi kuwa siku ya wafanyakazi wa dunia, na ndivyo ilivyotufikia sisi. Marekani yenyewe ikajitengea Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa sheria ya 1894. Mwaka 1958, vita baridi vikiwa vimepamba moto, Rais Eisenhower akaitangaza tarehe 1 Mei kuwa Siku ya Sheria, na mwaka huohuo ikatambuliwa pia kuwa siku ya kuonyesha utii kwa taifa.

Yaani jambo lililotokea katikati ya Marekani, likafanywa na wakazi wa mji wa Marekani, lilitangazwa kuwa la kigeni, likafukiwa, kisha juu ya kaburi lake pakasimikwa bendera. Tangu nilipoijua habari hii nimekuwa nikiiona tabia hiyo kila mahali. Taifa hili limejengwa mijini, lakini likitaka kujieleza ni nani, linachora ghala jekundu, shamba la mahindi na mtu juu ya farasi.

Mimi ni dereva wa lori. Naishi Rogers Park, kaskazini kabisa mwa Chicago, na kazi yangu inanitoa mjini na kunipeleka kwenye miji midogo ya Illinois, Iowa na Nebraska. Ukiwa dereva unasubiri sana: foleni ya mizani, foleni ya kupakia, foleni ya kushusha. Unazungumza na watu. Kwenye kituo kimoja cha malori mzee mmoja aliniuliza natokea wapi, nikamjibu Chicago. Akacheka kwa wema kabisa, akaniambia, "Basi sasa umefika Marekani yenyewe." Pale tulipokuwa palikuwa na pampu za dizeli, mgahawa, na mahindi hadi macho yanapokomea. Sikumbishia. Lakini kauli ile ilinikaa, kwa sababu mzee yule hakuwa na chuki nami wala hakuitunga yeye. Ina zaidi ya miaka mia mbili.

Sensa ya kwanza ya Marekani, ya 1790, ilihesabu watu milioni 3.9. Mji mkubwa kuliko yote, New York, ulikuwa na watu 33,000 hivi. Katika kila watu ishirini, mmoja tu ndiye aliyeishi mjini. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa nchi hii, aliamini kwamba hali hiyo ndiyo usalama wa jamhuri. Mkulima mwenye shamba lake hana bwana, kwa hiyo kura yake hainunuliki. Mtu wa mjini anamtegemea mwajiri, na umati wa mjini unaweza kukokotwa popote. Aliandika kwamba makundi ya miji mikubwa yanaisaidia serikali safi kama vidonda vinavyousaidia mwili wa binadamu. Mwaka 1800 alimwandikia rafiki yake Benjamin Rush kuwa miji mikubwa ni tauni kwa maadili, afya na uhuru wa watu. Maneno hayo aliyaandika mtu aliyeishi Paris miaka mitano na kuifurahia, na ambaye mashamba yake yalilimwa na watumwa. Katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600. Mkulima huru aliyemsifu hakuwa yeye.

Sisi tuliofundishwa Azimio la Arusha shuleni hatuwezi kumcheka sana. Nalo lilituonya tuangalie watu wa mjini wasije wakawanyonya wakulima. Tofauti ni kwamba Jefferson na wenzake waliiachia nchi yao ramani yenye wasiwasi huohuo ndani yake. Makao makuu ya Jimbo la New York hayako New York, yako Albany. Ya Pennsylvania yako Harrisburg, si Philadelphia. Ya California yako Sacramento. Ya kwetu Illinois yako Springfield, mji ambao wakazi wake wote wangeenea katika mitaa michache ya Chicago.

Sasa Chicago yenyewe. Kama kuna mahali ambapo unaweza kuuona mji wa Marekani ukiota mbele ya macho, ni hapa. Mwaka 1833 palikuwa na watu kama 350 kando ya mto wenye tope. Mwaka huohuo Wapotawatomi, wenye nchi, walisainishwa mkataba wa kuiacha ardhi yao na kuhamishiwa magharibi ya Mississippi. Kufikia 1890 mji ulikuwa umevuka watu milioni 1. Katikati ya hapo, mwaka 1871, uliungua siku mbili, watu 100,000 hivi wakabaki bila makazi, na bado ukaendelea kukua kama vile moto ulikuwa mbolea.

Mwaka wa kuutazama ni 1848. Ndani ya mwaka huo mmoja ulifunguliwa mfereji uliounganisha Maziwa Makuu ya Amerika na mto Mississippi, treni ya kwanza ikatembea, telegrafu, yaani simu ya maandishi ya waya, ikafika, na wafanyabiashara wakaanzisha soko lao la nafaka, Board of Trade. Kabla ya hapo mkulima alisafirisha ngano yake kwenye magunia yenye jina lake, na gunia lilibaki lake mpaka linunuliwe. Chicago ikajenga maghala marefu ya kumwagia nafaka, ikaipanga kwa madaraja, ikamkabidhi mkulima karatasi: wewe una kiasi fulani cha ngano ya daraja la pili. Punje zake zilikuwa zimeshachanganyika na za watu asiowajua. Ile karatasi ikauzwa, ikauzwa tena, na baada ya muda watu wakawa wananunua na kuuza ngano ambayo haijapandwa. Mkulima wa Iowa akijiona mtu huru asiyemtegemea mtu, bei yake tayari ilikuwa inapangwa na wanaume wanaopiga kelele katika ukumbi mmoja wa Chicago.

Saa nayo. Kila mji ulikuwa na saa yake kufuatana na jua lake, jambo ambalo sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza tunalielewa bila kuelezwa. Reli hazikuweza kuendeshwa hivyo. Oktoba 1883 wakuu wa makampuni ya reli walikutana Chicago wakaigawa nchi katika kanda za saa, na tarehe 18 Novemba saa za stesheni zikabadilishwa. Hakuna Mmarekani aliyepiga kura juu ya hilo. Bunge lilikuja kulitungia sheria mwaka 1918, miaka thelathini na mitano baadaye.

Halafu bidhaa. Mwaka 1872 Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima kwa njia ya posta kutoka Chicago, akiwa na karatasi moja ya orodha. Miaka ishirini baadaye orodha ilikuwa kitabu cha mamia ya kurasa: majembe, cherehani, magauni, dawa, majeneza. Sears wakafuata, nao wakaweka ngome yao Chicago. Tangu 1908 mpaka 1940 waliuza hata nyumba. Ulichagua ramani kwenye kitabu, ukatuma hela, mbao zikaja kwa treni zikiwa zimekatwa na kupewa namba, pamoja na misumari na rangi. Nyumba zaidi ya 70,000 ziliuzwa hivyo. Nikipita vijijini na kuona nyumba nzuri ya mbao yenye kibaraza, ile ambayo watu huiweka kwenye kadi za Krismasi kama roho ya shamba la Marekani, sasa najiuliza kama haikutoka kwenye kitabu cha dukani.

Na kauboi, huyu ambaye tumemwona sote kwenye sinema za zamani, kofia pana na bastola kiunoni? Alikuwa mfanyakazi wa mshahara mdogo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa akiswaga ng'ombe kutoka Texas hadi stesheni za reli za Kansas, kama Abilene, wapakiwe kuelekea machinjioni. Machinjio makubwa yalikuwa Chicago, Union Stock Yards, yaliyofunguliwa siku ya Krismasi 1865. Kauboi hakuwa mtu aliyeukimbia mji, aliulisha. Tuseme ukweli, kazi yake inafanana na yangu, ila mimi nina kiyoyozi.

Chicago ilipotaka kujionyesha kwa dunia iliandaa maonyesho makubwa ya 1893, ya kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus. Kando ya ziwa pakajengwa mji mzima wa majumba meupe, ya plasta, yasiyokusudiwa kudumu. Watu waliingia mara milioni 27 hivi, wakati nchi nzima ilikuwa na watu milioni 63. Naona kama mwaka ule Marekani ilijitazama kwenye kioo, na hapo ndipo pana mambo matatu ninayopenda kuyaweka pamoja.

La kwanza: jioni ya tarehe 12 Julai mwanahistoria kijana, Frederick Jackson Turner, aliwasomea wenzake waliokusanyika Chicago makala iliyosema kwamba kilichomfanya Mmarekani kuwa Mmarekani ni mpaka wa magharibi. Kule kwenye ardhi wazi (hakuwahesabu sana waliokuwa wakiishi humo) Mzungu alivua Uzungu wa Ulaya akawa mtu mpya, mwenye kujitegemea. Na sensa ya 1890, akasema, imeonyesha kwamba mpaka huo umekwisha. Aliyasema hayo akiwa amezungukwa na watu zaidi ya milioni, na zaidi ya robo tatu ya watu hao walikuwa wazaliwa wa nje au watoto wao. Mmarekani mpya alikuwa anatengenezwa nje ya mlango wa ukumbi, Mpolandi akipanga nyumba kwa Mwairishi, Mjerumani akigombea udiwani, Mcheki akifungua baa. Turner alikuwa msomi mkubwa na hoja yake iliongoza vyuo kwa miongo mingi. Lakini hakuchungulia dirishani.

La pili: nje tu ya uzio wa maonyesho, Buffalo Bill alipiga mahema yake ya maonyesho ya magharibi, farasi, bunduki, Wahindi Wekundu wa kukodiwa. Watu wa mjini walilipa tiketi wakajaa. Mpaka wa Turner ulikuwa umeshakuwa mchezo wa jukwaani, unauzwa kwa wapanda tramu.

La tatu: kiapo cha bendera, ambacho watoto wa shule hapa hukisema asubuhi mkono ukiwa kifuani. Kilitungwa 1892 na mchungaji Francis Bellamy, kikachapishwa katika gazeti la vijana la Boston, kwa ajili ya maadhimisho yaleyale ya Columbus. Kilikusudiwa shule, na shule zilizowatia watu wasiwasi zilikuwa zile za mijini zilizojaa watoto wa wahamiaji. Maneno ambayo leo mtu wa kijijini Nebraska anayaona kuwa ya asili kama mvua, yalitoka kwenye ofisi ya gazeti la mjini kwa sababu ya hofu ya mjini.

Weusi waliachwa pembeni. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Haiti, alipata mahali pa kusimama kwenye maonyesho yale kwa sababu Haiti ilimpa banda lake. Akiwa humo yeye na Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi, waligawa kijitabu cha kueleza kwa nini Mmarekani Mweusi hayumo. Mzee huyo alilazimika kuazima taifa lingine ili aongee ndani ya taifa lake.

Miaka mitatu baadaye, Julai 1896, William Jennings Bryan wa Nebraska alisimama mbele ya mkutano wa chama chake akasema: chomeni miji yenu mtuachie mashamba yetu, na miji itachipuka tena kama kwa uchawi, lakini haribuni mashamba yetu, na majani yataota katika mitaa ya kila mji wa nchi hii. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, akapitishwa kugombea urais. Ukumbi huo ulikuwa wapi? Chicago. Mji uliokuwa umeshaungua ukachipuka kweli. Novemba alishindwa.

Mpaka hapo unaweza kusema haya ni maneno tu, kila taifa lina hadithi zake. Lakini mwaka 1920 hadithi iligeuka kuwa hesabu. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu milioni 106, na kwa mara ya kwanza zaidi ya nusu, asilimia 51.2, waliishi mjini. (Mji ulihesabiwa kuwa sehemu yenye watu 2,500 na kuendelea, kwa hiyo tusifikirie wote walikuwa New York.) Detroit peke yake ilikuwa imepanda kutoka watu 466,000 hadi karibu milioni 1 ndani ya miaka kumi. Katiba inataka viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe upya kila baada ya sensa. Baada ya sensa ile, Bunge halikuvigawa. Wabunge wa majimbo ya vijijini waliona watapoteza viti, wakavutana mwaka baada ya mwaka, hoja moja ikiwa kwamba miji imejaa wageni wasiostahili kuhesabiwa sawa. Sheria ilipatikana 1929, ikaanza kutumika baada ya sensa ya 1930. Muongo mzima nchi iliongozwa kwa hesabu ya 1910. Haikuwahi kutokea kabla, haijatokea tena.

Na Bunge hilohilo, lenye viti vya zamani, ndilo lililopitisha sheria ya uhamiaji ya 1924. Hapa ndipo pananichekesha kwa uchungu. Kila nchi iliyo nje ya mabara ya Amerika ilipewa mgawo wa watu wanaoruhusiwa kuingia, asilimia 2 ya watu wake waliokuwa tayari Marekani. Kwa sensa ipi? Ile ya 1890. Waliichagua kwa kuwa wakati ule Waitaliano, Wayahudi na Wapolandi walikuwa bado hawajafurika mijini. Waasia walifungiwa mlango karibu kabisa. Kwa hiyo kwenye viti walikataa sensa mpya, na kwenye wageni walirudi nyuma miaka thelathini na minne. Kama hesabu haikupi nchi unayoitaka, tafuta hesabu nyingine.

Uchaguzi wa 1928 ukaja kama mtihani. Al Smith alikuwa mtoto wa Lower East Side ya New York, Mkatoliki, mwenye lafudhi ya mtaani, mpinzani wa marufuku ya pombe. Herbert Hoover alizaliwa katika kijiji cha West Branch, Iowa. Smith alikuwa Mmarekani aliyekulia Marekani na hakutoka. Hoover alikuwa mhandisi wa madini aliyetajirikia Australia na China na kuishi London miaka mingi. Aliyeonekana mgeni ni Smith. Alishinda majimbo manane tu.

Wakati huo mji ulikuwa unapokea wahamiaji wengine, hawa wa ndani. Kuanzia miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia hadi 1970, Wamarekani Weusi kama milioni 6 walitoka kusini. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa 1905 na Robert Abbott, lilipenyezwa Mississippi na Alabama na wahudumu Weusi wa treni, likisomwa kwa sauti vinyozini na makanisani: njooni kaskazini. Weusi wa Chicago walikuwa 44,000 mwaka 1910, wakawa 109,000 mwaka 1920. Mapokezi hayakuwa mazuri. Julai 1919 kijana wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea ziwani akasogea upande wa ufuko ambao Wazungu waliuona wao. Akapigwa mawe, akazama. Machafuko yaliyofuata yaliua watu 38. Kisha ukaja ukuta wa karatasi: hati za nyumba zilizokataza kuuziwa Mweusi, na tangu miaka ya 1930 ramani za serikali zilizopaka mitaa yao rangi nyekundu, benki zisikopeshe humo.

Lakini ndani ya mitaa hiyo iliyobanwa ndimo ilimotengenezwa sauti ambayo dunia huiita ya Marekani. Muddy Waters, mwanamuziki wa blues, alifika Chicago 1943 na gitaa la kijijini, akakuta baa zina kelele, akachukua gitaa la umeme ili asikike. Mtu wa Kinshasa au Tanga ambaye hajui Jefferson ni nani, kama amewahi kutikisa kichwa kwa muziki wa Kimarekani, kilichomtikisa kinaanzia kwenye baa kama zile. Kwenye ramani za serikali sauti hiyo haikuonekana.

Viunga sitavisemea sana. Baada ya 1945 mikopo ya serikali na barabara kuu zilizoidhinishwa 1956 ziliwatoa Wazungu katikati ya miji, na sensa ya 1970 ikakuta wakazi wa viunga wamewapita wa miji yenyewe. Chicago iliyofika watu milioni 3.6 mwaka 1950 ina milioni 2.7 leo. Kiunga kilimpa Mmarekani alichokitaka siku zote, mshahara wa mjini na bustani ya kijijini, na wengi wakadhani wamerudi kwa Jefferson.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilijaribu kurekebisha hesabu. Kabla ya hapo majimbo mengi yaliacha vijiji viwe na wabunge wengi kupita kiasi. Kaunti ya Los Angeles, yenye watu milioni 6, ilikuwa na seneta mmoja tu katika Seneti ya California. Mwaka 1964 Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari. Ila Seneti ya taifa haikuguswa, Katiba imeilinda: kwa sensa ya 2020, Wyoming yenye watu 577,000 ina maseneta wawili, California yenye milioni 39.5 ina wawili.

Kwa hiyo sikushangaa nilipokuja kusoma habari za Obama wa zamani, kabla hajawa Obama wa kila mtu. Mtoto wa Mkenya wa Kogelo, alikuja Chicago 1985 kuwaunganisha wakazi wa upande wa kusini, na moja ya mitaa aliyofanyia kazi inaitwa Altgeld Gardens. Altgeld alikuwa gavana wa Illinois, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye mwaka 1893 aliwasamehe watu watatu wa kesi ya Haymarket waliokuwa bado gerezani. Oktoba 2008, Obama akigombea, Sarah Palin, aliyekuwa akigombea umakamu wa rais upande wa pili, aliwaambia wafuasi wake North Carolina kwamba anafurahi kuwa kwenye miji midogo, kwenye "Marekani halisi". Obama akashinda, na bado mwaka 2011 akalazimika kutoa cheti kirefu cha kuzaliwa kuthibitisha kwamba Honolulu ni Marekani na yeye alizaliwa hapo. Al Smith angemwelewa.

Huku Illinois, tangu 2020, kaunti nyingi za vijijini zimepiga kura, zisizo na nguvu ya kisheria, kuunga mkono wazo la kujitenga na Kaunti ya Cook, yaani Chicago na jirani zake. Kwa sensa ya 2020 Cook ilikuwa na watu milioni 5.3 kati ya milioni 12.8 wa jimbo zima. Naelewa hasira yao. Shule zinaunganishwa, hospitali zinafungwa, vijana wanaondoka, na maamuzi wanayaona yakitoka kwa watu wasiowajua. Ninachokikataa ni kisingizio kwamba kuna nchi mbili. Mwenye shamba anayepiga kura ya kuikataa Chicago asubuhi, mchana anaangalia bei ya mahindi kwenye simu, na bei hiyo bado inatoka Chicago.

Kisha kuna nyama. Union Stock Yards yalifungwa 1971. Machinjio hayakufa, yalihama. Malori na trela za baridi zilifanya iwezekane kuchinja karibu na ng'ombe na nguruwe walipo, kwenye miji midogo ambako vyama vya wafanyakazi havina nguvu na mishahara iko chini. Kazi ilipohama, wahamiaji wakahama nayo. Beardstown, Illinois, mji wa watu kama 6,000 kando ya mto, una Wameksiko na Watogo kwa sababu ya kiwanda cha nyama ya nguruwe. Storm Lake na Waterloo za Iowa ni hivyohivyo, na Waterloo wapo Wakongo. Kitu ambacho Bunge la 1924 lilitaka kukizuia kisiingie mijini sasa kiko zamu ya usiku katikati ya mahindi.

Mimi nawapelekea malori watu hawa. Kwenye foleni ya kiwanda kimoja cha Iowa nilisikia Kiswahili nyuma yangu, nikageuka. Mama wa makamo, kofia ya plastiki kichwani, akitoka zamu. Akaniuliza, "Papa, uko mutu ya Tanzania?" Tukasalimiana sana. Ametoka Uvira, akakaa Nyarugusu miaka mingi, watoto wake wawili walizaliwa kambini. Mkubwa anacheza mpira wa Kimarekani katika timu ya shule, na siku ya mechi mji mzima unajaa uwanjani, wazee wenye mashamba wanamwita kwa jina. Nikamwambia siku akipata likizo awalete Chicago waone ziwa, waone maghorofa, kwetu Rogers Park kuna Wakongo wengi na samaki wa kukaanga wanapatikana.

Akatikisa kichwa. "Hapana, papa. Chicago tunaiogopa. Watu ya kule hawako kama watu ya huku."

Nikamuuliza aliwahi kufika. Hakuwahi.